Ndama wa nyumbu na ng'ombe wenye macho meupe: tuhame au tubaki?

Swali: "Shikamoo daktari. Boma letu liko Simanjiro, ukingoni mwa tambarare ambako nyumbu wanaotoka Tarangire huja kuzalia kila mwaka kuanzia Januari hivi. Tuna ng'ombe 62, mbuzi na kondoo kama 90. Mwaka jana kati ya Machi na Mei tulipoteza ng'ombe saba, mmojammoja. Macho yote mawili yaligeuka meupe, kamasi nzito, hawali. Tuliwachoma OTC (ile antibiotiki ya sindano) na dawa ya ndigana, hakupona hata mmoja. Baba anasema walikanyaga kondo za nyumbu au walikula majani yenye manyoya ya ndama, na kwamba ni lazima tuhame kila mwaka kama babu zetu. Mimi naona kuhama kunatumaliza: huko vichakani kupe ni wengi na maziwa hayafiki nyumbani. Vijana wenzangu wanataka tuwafukuze nyumbu kwa mbwa na pikipiki. Mnadani kuna mtu anauza chanjo yake. Je, kweli ni kondo? Ng'ombe mgonjwa anaambukiza wenzake? Na kwa nini nyumbu wang'ang'anie kuzalia kwetu wakati wana hifadhi nzima?"

Marahaba, na poleni sana kwa ng'ombe saba. Katika boma la ng'ombe 62 hiyo ni zaidi ya fungu la kumi, tena bila kuhesabu maziwa yaliyokwenda nao.

Maelezo yako yanafanana mno na ugonjwa wa nyumbu, ule ambao maabara huuandika kwa kifupi MCF. Kuuthibitisha kwa kusoma barua tu haiwezekani, na huko chini nitakueleza namna ya kupata uhakika. Lakini macho yote mawili kugeuka meupe, kamasi nzito, vifo vya mmojammoja kwa miezi miwili baada ya nyumbu kuzaa, na dawa ya ndigana kugonga mwamba, vyote vinaelekeza upande mmoja. Mzee yuko sahihi kuhusu mahali na msimu. Alipoteleza kidogo ni kwenye kitu chenyewe kinachobeba ugonjwa, na kuteleza huko kunaweza kuwafanya mkwepe mahali pasipo na hatari kubwa, kisha mrudi mapema mahali penye hatari yenyewe.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ukilielewa hilo, mengine yanakaa sawa yenyewe.

Nyumbu (nasema nyumbu wa porini, si yule anayezaliwa na punda na farasi) ni mnyama wa majani mafupi. Mdomo wake ni mpana, meno ya mbele ya chini yamepangwa kwa mstari karibu mnyoofu, juu hana meno ya mbele, kama ng'ombe wako. Mdomo wa namna hiyo hufyeka zulia la majani mabichi ya urefu wa vidole viwili vitatu, lakini hufanya kazi vibaya kwenye majani marefu yenye mabua. Pundamilia ana meno ya mbele juu na chini na halishi kwa kucheua, hivyo anaweza kula mabua makavu mengi na kuyapitisha haraka. Nyumbu anacheua, na tumbo lake linataka majani laini.

Sasa weka jike anayenyonyesha. Maziwa yanataka kalisi na fosforasi kwa wingi. Ndani ya Tarangire, mvua ikinyesha, majani hurefuka na kuwa magumu haraka, na fosforasi iliyomo haimtoshi jike mwenye ndama. Tambarare za Simanjiro zina majani mafupi yenye madini zaidi. Hadithi ni ile ile ya tambarare za kusini mwa Serengeti na Ndutu, ambako udongo umetokana na majivu ya volkano za Kerimasi na Ol Doinyo Lengai: majani ni mafupi, madini ni tele, na majike humiminika huko mvua ikianza. Kinachowarudisha Tarangire wakati wa kiangazi ni maji tu. Nyumbu huhitaji kunywa kila siku au kila baada ya siku moja, na Simanjiro ikikauka, Mto Tarangire ndio unaobaki. Kwa hiyo nyumbu hawana "hifadhi nzima" kama unavyodhani. Hifadhi ni kisima chao cha kiangazi, na malisho yenu ni jiko lao la uzazi. Wakikosa kimoja, kingine hakiwasaidii.

Kuna jambo la pili ambalo wafugaji hawapendi kulisikia. Ng'ombe wenu wanayakata majani na kuyaweka mafupi, na moto unaowashwa kiangazi unaleta chipukizi laini. Nyumbu hupenda hasa mahali pa namna hiyo, kwa chakula na pia kwa sababu fisi na simba huonekana kutoka mbali. Majani yanayozunguka boma lililochungwa sana ni mwaliko. Kumbuka hilo, tutalirudia tukifika kwenye malisho ya akiba.

Kisha kuna namna wanavyozaa. Nyumbu hupandana karibu Mei na Juni, mimba huchukua miezi minane na ushei, na majike wengi sana huzaa ndani ya wiki chache tu. Serengeti, takriban 80% ya ndama huzaliwa katika wiki mbili hadi tatu. Fisi hata wakishiba kila siku hawawezi kuwamaliza ndama wote hao kwa mkupuo. Ndama husimama ndani ya dakika chache, mara nyingi chini ya kumi, na siku hiyo hiyo anakimbia ubavuni mwa mama yake. Wanyama kama swala granti huficha watoto wao kwenye majani, mmoja huku mmoja kule. Ndama wa nyumbu hafichwi. Anafuata mama, anachangamana na ndama wenzake wa umri ule ule, pua kwa pua, kwa mamia. Kwa fisi, wingi huo ni kikwazo. Kwa kirusi, ni karamu.

Ugonjwa huu unaletwa na kirusi cha jamii ya hepesi ambacho kimeishi na nyumbu kwa muda mrefu mno hata hakimdhuru. Mtafiti wa magonjwa ya mifugo Walter Plowright na wenzake, wakiwa Muguga nchini Kenya, walikitenga kutoka kwa nyumbu mwaka 1960, na hapo ndipo ilipothibitika kimaabara kile ambacho Wamaasai walikuwa wakikisema siku zote: kwamba nyumbu na ugonjwa huu ni kitu kimoja. Karibu kila nyumbu hukipata akiwa mdogo. Wachache huzaliwa nacho tayari kutoka tumboni, na hao huwapa wenzao katika wiki za kwanza.

Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu. Kwa nyumbu mkubwa, kirusi kimejificha ndani ya seli za mwili, na mara chache sana hutoka. Kwa ndama wa chini ya miezi mitatu hivi, kirusi hutoka huru, bila kufungwa ndani ya seli, kwenye kamasi na machozi. Kikiwa huru hivyo ndipo kinapoweza kupeperuka na matone ya chafya, kubaki kwenye majani ambayo ndama ameyapangusia pua, na kumwingia ng'ombe anayelisha nyuma yake. Ndama akitoka katika umri huo, mwili wake hutengeneza kinga ambayo hufika mpaka puani na kukizima kirusi pale pale mlangoni. Kuanzia hapo anakibeba maisha yake yote bila kukimwaga ovyo.

Kwa hiyo, je, ni kondo? Mzee asichekwe. Vinasaba vya kirusi hiki vimewahi kupatikana kwenye kondo za nyumbu. Lakini kupata vinasaba si sawa na kupata kirusi hai kinachoambukiza, na ushahidi wa miaka mingi unaonyesha kwamba mwambukizaji mkuu ni pua na macho ya ndama aliye hai. Tena fikiria mwenyewe: kondo huliwa na fisi, mbweha na tai siku ile ile, lakini ndama anabaki malishoni kwenu akipiga chafya kwa wiki kumi na mbili. Mchungaji anayeogopa kondo peke yake atarudi mara uzazi ukiisha, akiona uwanja ni safi. Hapo ndipo ndama wana mwezi mmoja au miwili, na kirusi kinamwagika kuliko wakati mwingine wowote.

Kuhusu manyoya, wazee waliona sawa ila walitafsiri vingine. Ndama wa nyumbu huzaliwa na rangi ya kahawia hafifu, na akifika miezi miwili hivi rangi hiyo huanza kupotea, akawa wa kijivu kama wakubwa. Manyoya yanayodondoka hayaui ng'ombe. Yanachokupa ni saa ya kusomea umri wa ndama ukiwa umesimama mbali. Ukiona kundi lenye ndama wa kahawia tupu, hapo ni moto. Wakianza kuwa na madoa ya kijivu, bado ni moto. Wengi wakishageuka kabisa, ongeza kama mwezi mmoja juu yake kabla hujaamini malisho hayo. Wazee waliosema "subirini mpaka ndama wabadilike rangi" walikuwa karibu sana na ukweli. Mimi naongeza huo mwezi kwa sababu ndama hawazaliwi wote siku moja, na daima kuna waliochelewa.

Jambo jingine zuri kwenu: kirusi kikiwa nje ya mwili ni dhaifu. Jua kali hukiua upesi. Mahali pakavu hakimalizi siku tatu. Lakini penye unyevu mwingi, kwenye umande, ukungu na mawingu mazito, kinaweza kudumu hata zaidi ya siku kumi. Ndiyo maana mwaka wenye masika ya mawingu mfululizo huwa mbaya kuliko mwaka wa mvua za kupita na jua kutoka.

Sasa ndani ya ng'ombe. Kirusi kikimwingia, hakifanyi haraka. Huchukua kama wiki tatu hadi nne, na mara nyingine miezi kadhaa, kabla dalili hazijaonekana. Kinaingia kwenye seli nyeupe za damu, zile askari za mwili, na kuzivuruga zisijue adui ni nani. Zinaongezeka bila mpango, tezi zinavimba, kisha zinashambulia kuta za mishipa midogo ya damu na nyama laini za mdomo, pua, macho, utumbo, kibofu na hata ubongo. Ng'ombe anauawa zaidi na jeshi lake mwenyewe lililoasi kuliko na kirusi chenyewe. Ndiyo sababu OTC haikusaidia: hiyo ni dawa ya bakteria, na hapa hakuna bakteria wa kuuawa isipokuwa wale wanaodandia baadaye. Dawa ya ndigana inaua kijidudu kinacholetwa na kupe, nayo haina lake hapa. Ng'ombe akishaonyesha dalili kamili, zaidi ya 95% hufa, wengi ndani ya wiki moja au mbili. Wanaopona wapo, ila ni wa kuhesabika kwa vidole. Mtu akikuambia ana tiba, anakuuzia matumaini.

Je, mgonjwa anaambukiza wenzake? Hapana. Kwa ng'ombe, kirusi kimefika mwisho wa njia, hakitoki tena kikiwa huru. Mlivyoona wakifa mmoja baada ya mwingine mkadhani wanapeana, kumbe waliambukizwa karibu wakati mmoja malishoni, ila kila mmoja ana siku zake za kuugua. Mbuzi na kondoo wakilisha na ndama wa nyumbu hawaugui. Binadamu pia haambukizwi. Hata hivyo mtenge mgonjwa mpaka ijulikane kwa hakika, kwa sababu magonjwa yanayofanana nao yanaambukiza.

Na yanayofanana ni haya. Ndigana kali huleta homa na kuvimba tezi, hasa iliyo chini ya sikio na ile ya mbele ya bega, lakini mnyama hukohoa, hupumua kwa shida, na mwishoni hutoa povu puani. Jicho linaweza kufifia kidogo, lakini si jambo kuu, na ukimwahi mapema kwa dawa yake mara nyingi hupona. Ugonjwa wa miguu na midomo hushika wengi kwa siku chache, wanachechemea, wana vidonda mdomoni na katikati ya kwato, lakini wakubwa hawafi kwa wingi. Ugonjwa wa macho wa kawaida, ule unaoenezwa na nzi, mara nyingi huanza na jicho moja, weupe unaanzia katikati, na mnyama anaendelea kula. Kwenye ugonjwa wa nyumbu, weupe wa samawati huanzia pembezoni, pale jicho jeusi linapokutana na jeupe, kisha unasogea kuelekea katikati, kwa macho yote mawili. Mnyama anaogopa mwanga, machozi yanatiririka, pua inaziba kwa kamasi iliyokauka kama ganda, mate yanadondoka, ufizi una vidonda. Wengine huharisha, wengine hukojoa damu, wengine huyumba au kutaka kupiga watu. Kipimajoto kikisoma 40 au 41 na zaidi (ng'ombe mzima ni kati ya 38 na 39.3) na macho yote mawili yakianza kufifia kutoka pembezoni, usitumie tena fedha kwa sindano za kubahatisha.

Tuje kwenye la kufanya, na hapa sitakuficha kwamba kila njia ina gharama yake.

Kuhama na ng'ombe wote ndiyo njia ya wazee, na inafanya kazi. Gharama umeitaja mwenyewe: vichaka vina kupe na penginepo mbung'o, kwa hiyo unakimbia ugonjwa mmoja na kukutana na ndigana na nagana. Majani huko ni duni kuliko tambarare. Maziwa yanahama na ng'ombe, na wanaobaki nyumbani, yaani mama na watoto, ndio wanaolala na njaa. Mkihama, basi msihame mikono mitupu: ogesheni kabla ya kuondoka na kila wiki mkiwa huko, na ndama wenu wachanjwe ndigana mapema, siyo wiki ya kuondoka. Chanjo hiyo ya ndigana ni nzuri, ila haizuii ugonjwa wa nyumbu hata chembe. Nasisitiza kwa kuwa wengi huzichanganya.

Kugawa mifugo ndiyo njia ambayo mimi ningeanza nayo kwa boma la ukubwa wenu. Mbuzi na kondoo 90 wabaki na walishe tambarare bila hofu hiyo. Ng'ombe wasio na maziwa, mitamba na maksai wahame na vijana wawili watatu. Ng'ombe wa maziwa wachache, sema wanane hadi kumi na wawili kulingana na nafasi, wabaki kwenye malisho ya akiba karibu na boma, yale mnayoyaita alalili. Lakini malisho hayo yatafanya kazi tu kama yameachwa yakarefuka kabla ya Januari. Nilikuambia tutarudi hapa: nyumbu hawapendi majani marefu. Alalili iliyofika magotini haiwavuti, na ng'ombe wa maziwa anaweza kuila bado. Alalili iliyolishwa hadi ardhini mwezi Desemba itajaa ndama wa nyumbu Februari, na hapo mtakuwa mmewaandalia wageni kitanda kwenye chumba cha wagonjwa. Mtoto mwenye kengele na mbwa aliyefungwa kamba anatosha kuwazuia wachache wanaojaribu kusogea. Hii si sawa na kuwakimbiza, na tofauti nitaieleza.

Kwa ng'ombe watakaobaki, umbali na saa ndivyo vinavyookoa. Muwaweke angalau kilomita moja kutoka kwenye makundi yenye ndama. Si lazima wagusane pua ndipo waambukizwe, kwa hiyo mita mia mbili si umbali. Asubuhi msiwatoe mapema. Subirini umande ukauke na jua lichome, saa nne hivi, au saa tano siku yenye mawingu. Msiwapitishe palipolala kundi la nyumbu jana. Kama hakuna budi kulisha nyuma yao, acheni zipite siku tatu nne za jua kali, na kama ni siku za ukungu msilishe hapo kabisa. Lambo la pamoja ni mahali ndama wote huinamisha pua. Mkiweza, chotea maji kwenye birika karibu na boma, la sivyo mnyweshe mchana jua likiwa kali. Anayechunga awe mtu mzima anayejua kusoma rangi ya ndama. Mtoto wa miaka tisa hawezi kubebeshwa uamuzi wa namna hiyo, na makosa mengi huanzia hapo.

Haya yanapunguza hatari, hayaiondoi. Ukifanya yote hayo unaweza bado kupoteza ng'ombe mmoja. Ukiona kwamba tambarare yenu ni nyembamba mno hata kilomita moja haipatikani, basi kuhama na wote kunabaki kuwa jibu la haki, na mzee atakuwa ameshinda hoja.

Chanjo. Ipo kazi ya kweli iliyofanyika. Chanjo ya kirusi kilichodhoofishwa ilijaribiwa na wafugaji huko huko Simanjiro, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kinga ya kiasi tu, takriban 56%. Yaani inasaidia, lakini haitoshi kumwachia mtu alishe katikati ya ndama wa nyumbu. Haijawa chanjo ya kununua mnadani. Kichupa cha yule bwana kinaweza kuwa maji, kinaweza kuwa chanjo ya kitu kingine, na kinaweza kuwa kimechemka juani tangu asubuhi. Kabla hujatoa hata shilingi, muulize daktari wa mifugo wa wilaya kama kuna chanjo iliyosajiliwa, na kama kuna jaribio jipya ambalo boma lenu linaweza kujiunga nalo.

Mbwa na pikipiki, hapana. Kwanza ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Lakini hata sheria ikiwekwa kando, haileti faida. Jike aliyefukuzwa na ndama wake huzunguka na kurudi usiku, kwa kuwa majani anayoyahitaji yako pale. Kundi likitawanyika, ndama hupotezana na mama zao. Ndama aliyepotea hufuata chochote kinachotembea, gari, farasi, hata ng'ombe wako. Hapo umemleta mwenye kamasi moja kwa moja ndani ya kundi lako. Kengele na kelele za kuwageuza wachache kabla hawajaingia alalili ni jambo jingine: hapo unawaelekeza wakiwa bado wametulia.

Wengine watapendekeza uzio. Botswana ilijenga uzio wa Kuke miaka ya 1950 ili kulinda ng'ombe dhidi ya magonjwa, na katika ukame uliofuata nyumbu walikufa kwa maelfu wakiwa wamezuiwa kufika kwenye maji. Jirani zetu wa Athi-Kaputiei, kusini mwa Nairobi, hawakukusudia kuwazuia nyumbu. Walijenga tu, kila mtu kiwanja chake na uzio wake, na nyumbu zaidi ya 25,000 wa miaka ya 1970 wamebaki elfu chache. Hata wa kwenu wamepungua: walikuwa zaidi ya 40,000 mwishoni mwa miaka ya 1980, wakaja kushuka chini ya 10,000. Vijiji kadhaa Simanjiro, Terrat kikiwa cha kwanza, vimekubaliana na kampuni za utalii kulipwa kwa kuacha tambarare wazi bila kulimwa. Waulizeni viongozi wenu kama kijiji chenu kimo, na fedha hizo zinakwenda wapi. Kama ng'ombe wenu ndio wanaolipia uzazi wa nyumbu, si haba sehemu ya malipo hayo ikanunua dawa ya kuogesha na kukodi wachungaji wa msimu.

Mzee akiuliza kwa nini zamani hali haikuwa mbaya hivi upande wa Ngorongoro, mwambie sotoka, ugonjwa wa kirusi ambao nyumbu waliupata kutoka kwa ng'ombe, ilikuwa ikiwaua nyumbu wadogo. Ng'ombe walipochanjwa sotoka (chanjo iliyotengenezwa na Plowright huyo huyo), nyumbu wa Serengeti walipanda kutoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi takriban milioni 1.3 mwishoni mwa miaka ya 1970. Ndama wakazidi, na malisho salama ya ng'ombe yakapungua. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, kwa hiyo hata macho na mdomo vikifanana, hiyo iondoeni kwenye mashaka.

Sasa uhakika. Mwaka huu ng'ombe wa kwanza akipata homa na macho kuanza kufifia, mwite afisa mifugo siku hiyo hiyo, asisubiriwe afe. Mwombe achukue damu kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia isigande, ile ya kifuniko cha zambarau, iwekwe kwenye boksi la barafu bila kugandishwa na ifike kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, Arusha, kesho yake ikiwezekana. Mnyama akifa, na daktari akiridhika kwamba ni salama kumpasua, vipande vidogo vya bandama, tezi na figo viende kwenye barafu, na vingine vya figo, ini, kibofu na ubongo viwekwe kwenye fomalini. Mweleze pia tarehe ambayo ng'ombe walilisha karibu na ndama wa nyumbu mara ya mwisho, maana ugonjwa ulianza wiki nyingi kabla ya dalili. Kipimo kimoja chenye jibu kitakuokolea sindano nyingi za bure.

Mnyama aliyekufa ghafla, damu ikitoka puani, mdomoni au nyuma, na haigandi, asiguswe wala kupasuliwa na mtu yeyote, hata kama nyumbu wapo karibu. Huyo anaweza kuwa na kimeta, na kimeta huua watu. Fukuzeni mbwa, funikeni mzoga kwa miiba, pigeni simu. Vilevile nyama ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe au aliyechomwa dawa juzi isiliwe, na mgonjwa asipelekwe mnadani. Kama kipimo kimethibitisha MCF na mnyama hasimami tena, kumchinja mapema mbele ya mkaguzi ni huruma kuliko kumngoja apofuke na kukauka juani. Hadi hapo mpeni kivuli, maji karibu na mdomo, na msafishe macho kwa maji safi yenye chumvi kidogo.

Ukipata nafasi wiki hii, kapime urefu wa majani kwenye alalili yenu. Kama bado hayajafika nusu ya muundi, ng'ombe watoke humo sasa hivi, kabla mvua za vuli hazijaisha.